Maswali ya Wasomaji: Seva ya Mafaili Iendeshwe na Mfumo Gani?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni kompyuta ya kuwekea mafaili yanayotumiwa na watu wengi ofisini, na mfumo endeshi unaofaa kuwekwa ndani yake. Tumezipunguza urefu bila kugusa maana, na majina ya waandishi tumeyaacha kama walivyoomba.

Swali: Mhariri, assalaam alaykum. Nasimamia ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Moi Avenue. Tangu zamani mafaili yetu ya kutolea mizigo bandarini Kilindini, yaani ankara, hati za shehena na nakala za vibali, hukaa katika kompyuta moja yenye Windows 10 ya kawaida, ambayo karani mmoja huitumia pia kwa kazi zake. Sasa tumefika kompyuta ishirini na sita, na kila asubuhi ikifika saa tatu hivi, wanaochelewa kuingia huambiwa na mashine kwamba hakuna nafasi zaidi ya kuunganishwa. Akitoka mmoja, huingia mwingine. Fundi wa kwanza ametushauri tununue Windows Server, wa pili amesema Linux haina gharama ya leseni, na wa tatu ametaja FreeBSD. Kila mmoja anaonekana anajua analosema. Tuchague vipi? – *Meneja, Mombasa Kisiwani*

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu Meneja. Kompyuta yenu haijaharibika, wala mtandao wenu hauna kasoro. Leseni ya Windows 10 ya kawaida, na ya Windows 11 pia, huruhusu vifaa vingine visivyozidi 20 kuitumia kompyuta moja kwa ajili ya mafaili na printa. Mpaka huo umewekwa kwa makusudi, ili anayehitaji zaidi anunue toleo la seva. Kuongeza ramu au kubadilisha swichi hakutasaidia. Kuizima mashine na kuiwasha upya huwatoa watu wote nje na kuwapa nafasi wale watakaowahi kurudi, na ndiyo maana huonekana kana kwamba tatizo limekwisha, kisha baada ya muda likarejea vilevile.

Hata kama mpaka huo usingekuwapo, ningewashauri muyaondoe mafaili kwenye kompyuta ya karani. Mashine anayofanyia mtu kazi zake za kila siku hufungua barua pepe, huchomekwa flashi za wateja, na hujizima kwa ajili ya masasisho wakati watu ishirini wamefungua hati zilizomo ndani yake. Tena tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imemaliza kipindi cha kawaida cha kutoa masasisho ya usalama kwa Windows 10, na mashine isiyopata masasisho si mahali pa kuweka nakala za vitambulisho na PIN za kodi za wateja wenu.

Mafundi wenu wamesema kweli wote watatu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Windows hushirikisha mafaili kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo SMB, ambayo asili yake ni kazi iliyofanywa katika kampuni ya IBM mapema katika miaka ya 1980, kabla Microsoft haijaichukua na kuiendeleza. Mwanzoni mwa 1992 Andrew Tridgell, aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu mjini Canberra, Australia, aliyatazama mawasiliano yaliyokuwa yakipita katika mtandao wa chuo, akaelewa namna mteja na seva wanavyosemezana, akaandika programu yake mwenyewe ya kuijibu itifaki hiyo. Programu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Samba. Ndiyo inayotumika leo kwenye Linux na FreeBSD, ndiyo iliyomo ndani ya visanduku vingi vya kuhifadhia mafaili vinavyouzwa madukani, na tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza pia kusimamia watumiaji na nywila za ofisi nzima kwa mtindo wa Active Directory ya Microsoft. Kwa hiyo mkichagua mfumo wowote kati ya hiyo mitatu, karani atafungua diski yenye herufi Z kama alivyozoea, na hakuna atakachoona tofauti. Tofauti zitamhusu anayelipa, anayetunza, na zaidi ya wote yule atakayeitwa siku seva itakapokataa kuwaka.

Nianze na Windows Server. Hii ina haki ya kuchaguliwa ikiwa programu yenu ya uhasibu hutaka kukaa kwenye Windows, au ikiwa tayari mna Active Directory na fundi aliyeizoea. Ila hesabu ya gharama ifanywe yote. Leseni ya toleo la Standard huhesabiwa kwa viini vya prosesa, na hata prosesa ikiwa ndogo mnalipia viini visivyopungua 16. Juu yake kila mtumiaji, au kila kifaa, huhitaji leseni yake ya kuifikia seva, na hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji huisahau wanapowapa bei ya kwanza. Nawasihi pia msinunue zile namba za leseni zinazouzwa kwa bei ya chini mno. Kazi ya ofisi ya forodha haifai kusimama juu ya leseni ambayo siku moja itakataliwa.

Linux nayo haina bei ya leseni, lakini ina bei ya mtu. Kwa ofisi kama yenu, yenye kompyuta ishirini na kitu na mafaili ya PDF na Excel, mimi ningeweka Debian, ambayo ni mojawapo ya aina za Linux, pamoja na Samba, bila skrini ya madirisha na bila kitu kingine chochote juu ya mashine hiyo. Debian 13 ilitolewa Agosti 2025, na kwa utaratibu wao kila toleo hupata miaka 3 ya utunzaji kamili na mingine 2 ya masasisho ya usalama. Miaka hiyo 5 inalingana na muda ambao sheria yetu ya taratibu za kodi ya 2015 inawataka wafanyabiashara waweke kumbukumbu zao.

Jambo linalowashinda wengi wanaoanza na Samba ni ruhusa. Karani wa asubuhi hutengeneza faili, karani wa alasiri akilifungua anaambiwa anaweza kulisoma tu. Kisha fundi aliyechoka hufungua folda zote kwa watu wote, na kuanzia hapo hakuna siri ofisini. Dawa yake ni kuwaweka makarani katika kundi moja, kulikabidhi kundi hilo umiliki wa folda, na kuiagiza Samba kwamba kila faili jipya liwe la kundi. Ndani ya faili la mipangilio huandikwa hivi:

[mizigo]
path = /srv/mizigo
valid users = @makarani
force group = makarani
create mask = 0660
directory mask = 2770
read only = no
vfs objects = recycle

Mstari wa mwisho huhamishia kwenye folda ya taka yale yanayofutwa na watumiaji, ili hati iliyofutwa kwa bahati mbaya saa kumi jioni iweze kurudishwa bila kugusa nakala rudufu. Baada ya kuandika, amri ya testparm hukagua kama kuna kosa la maandishi. Kila karani lazima pia asajiliwe kwa amri ya smbpasswd, kwa sababu Samba huweka nywila zake mbali na zile za Linux, na wengi hukesha wakitafuta kosa ambalo ni hilo tu. Folda ya mishahara na ya nakala za vitambulisho ziwe na makundi yao wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwenye kushika taarifa za watu azilinde, na taarifa hizo zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ofisi ambayo kila mtu hufungua kila kitu haitaweza hata kueleza kilichovuja ni kipi.

FreeBSD ni mfumo ninaouheshimu sana. Umekuwapo tangu 1993, maelezo yake yameandikwa kwa uangalifu usio wa kawaida, na ZFS, yaani mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, umo ndani yake tangu toleo la 7.0 la 2008. Kama fundi wenu wa tatu ni mwajiriwa wenu na ataendelea kuwa nanyi, sina pingamizi. Lakini kama ni mtu wa kuitwa kwa simu, ulizeni ni nani mwingine kisiwani, Nyali au Changamwe anayeweza kuja badala yake Ijumaa alasiri akiwa yeye amesafiri. Wanaojua Debian au Ubuntu mtawapata kwa urahisi zaidi.

Hivyo ndivyo ningewapima mafundi wenu. Msiwaulize mfumo upi una kasi au upi una sifa. Mwambieni kila mmoja aweke mfumo wake juu ya kompyuta yoyote ya zamani, atie humo nakala ya folda moja ya mizigo, atengeneze nakala rudufu kwenye diski ya nje, kisha ang'oe diski ya ndani kabisa. Mpeni diski nyingine tupu, mkae naye, na mtazame inachukua muda gani mpaka karani afungue tena faili lilelile akiwa kwenye meza yake, kwa nywila yake na kwa ruhusa zake. Atakayefanikisha hilo mbele yenu, na akaacha maelezo ya maandishi ambayo fundi mwingine anaweza kuyafuata, huyo ndiye mchukue mfumo wake, uwe wa kulipia au wa bure. Seva ya mafaili hufanya kazi vizuri siku zote isipokuwa siku moja, na uchaguzi wa mfumo ni uchaguzi wa namna mtakavyoipita siku hiyo.

Neno la mwisho kwenu ni umeme. Mfumo wowote mtakaouchagua, seva iwe na UPS, yaani betri ya akiba, iliyounganishwa nayo kwa waya wa USB, na ndani ya Debian iwekwe programu ya Network UPS Tools, ambayo huiona betri inavyopungua na kuizima seva kwa utaratibu kabla haijakatika ghafla. UPS isiyo na waya huo huahirisha tu kuzimika kwa ghafla.

Swali: Ndugu Mhariri, kwa nini tujisumbue na seva ilhali siku hizi kuna hifadhi za mtandaoni? Ofisi yetu ya mawakili ni ndogo, tuko watu sita. – *Msomaji wa Kizingo*

Jibu: Kwa watu sita wanaoandika barua na hati za mahakama, hifadhi ya mtandaoni inaweza kutosha, na Mombasa tumebahatika kuliko miji mingi kwa kuwa nyaya za baharini hutua hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, na nyingine zilizofuata. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaonja intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo, faili lililoko katika chumba cha pili hufunguka kama kawaida, na lililoko ng'ambo hungoja.

Ninachowashauri ni kutumia vyote viwili. Mafaili ya kazi yakae kwenye seva ndogo ya ofisini, kisha usiku nakala rudufu ipelekwe mtandaoni baada ya kufumbwa kwa programu kama restic, ambayo huifumba data kabla haijatoka kwenye mashine yenu, ili mwenye hifadhi asiweze kuisoma. Programu hiyo huendeshwa juu ya Linux, FreeBSD na hata Windows, kwa hiyo isiwafunge katika kuchagua mfumo. Ufunguo wake uandikwe kwenye karatasi na uwekwe mahali pengine nje ya ofisi. Ukipotea, nakala hiyo haifunguki tena na mtu yeyote.

Swali: Sisi ni studio ya picha Nyali. Kompyuta mbili ni za Apple na tatu ni za Windows. Tukirudi kutoka harusini tunakuwa na picha na video za gigabaiti 60 na zaidi, na kuzihamishia kwenye kompyuta tunayoitumia kama seva ni kazi ya saa nzima na nusu. Tumeambiwa tukiweka TrueNAS, mfumo wa seva ya mafaili wenye ZFS, itakuwa haraka. Ni kweli? – *Mpiga picha, Nyali*

Jibu: ZFS ina faida kubwa kwa kazi yenu, lakini kasi mnayoilalamikia haitokani na mfumo endeshi. Fanyeni hesabu. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 11 au 12 kila sekunde, na gigabaiti 64 kwa mwendo huo huchukua zaidi ya saa moja na nusu, ambao ndio muda mlioutaja. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na mzigo uleule hupita kwa dakika kumi hivi. Kwa hiyo mahali fulani kati ya kompyuta na seva kuna kitu kinachowarudisha kwenye megabiti 100.

Inawezekana ni swichi ya zamani, au ruta mliyopewa na kampuni ya intaneti ambayo mnaitumia kama swichi. Lakini hapa pwani kuna sababu nyingine ambayo mimi huitazama kwanza. Gigabiti moja juu ya kebo ya shaba huhitaji nyuzi zote nane, ilhali megabiti 100 hutosheka na nne. Hewa ya chumvi ikila zile shaba ndogo zilizo kwenye kichwa cha kebo au ndani ya tundu la ukutani, uzi mmoja ukakosa kushika, vifaa viwili hukubaliana kushuka hadi megabiti 100 na kuendelea kimya bila kuonyesha kosa. Chomoeni kebo ya seva, kielekezeeni kichwa chake mwanga wa simu, na mkiona rangi ya kijani au weusi juu ya shaba, kateni kichwa hicho na mfunge kipya. Kisha kwenye seva ya Linux andikeni amri ya ethtool pamoja na jina la kadi ya mtandao, nayo itawaambia mwendo uliokubaliwa. Fanyeni hayo kabla ya kununua chochote.

Sasa nirudi kwenye ZFS, kwa sababu kwa picha za wateja ninaipendelea waziwazi. Ilianzishwa katika kampuni ya Sun Microsystems na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma mwaka 2005. Kila kipande cha data huandikwa pamoja na alama yake ya ukaguzi, na kila kinaposomwa alama hiyo huhakikiwa. Diski ikianza kuharibika na kurudisha picha yenye dosari, mfumo wa kawaida huipokea na kukupa hivyohivyo, lakini ZFS yenye diski mbili zinazoandikwa sawasawa huitambua dosari, huchukua kipande kizima kutoka diski ya pili, na hukirekebisha kilichoharibika. Mpiga picha anayetakiwa kutoa albamu baada ya miaka mitatu anahitaji ulinzi wa namna hiyo. Pia huweza kuhifadhi hali ya folda ilivyokuwa saa fulani bila kunakili data upya, na watumiaji wa Windows huiona hali hiyo wakibonyeza faili na kutazama matoleo yake ya awali. Aliyefuta folda ya bibi harusi asubuhi huirudisha mwenyewe mchana.

TrueNAS ni njia nzuri ya kuipata ZFS bila kuandika amri nyingi, maana husimamiwa kwa kivinjari. Zamani ilikuwa na tawi la FreeBSD na tawi la Linux. Kuanzia toleo la 25.04 la mwaka 2025 juhudi zimeelekezwa kwenye lile la Linux, kwa hiyo mkianza leo anzeni na hilo. Mashine iwe na ramu isiyopungua gigabaiti 8, na kwa kazi yenu ningeweka 16. Mfumo wenyewe huchukua diski yake peke yake, hivyo mnunue diski ndogo ya ziada ya kuuwashia. Msijaze diski za picha kupita asilimia 80, kwa sababu ZFS hupungua mwendo inapokosa nafasi ya kuandikia.

Kuhusu kompyuta za Apple, msihangaike na itifaki yao ya zamani ya AFP. Tangu toleo la Mavericks la 2013 Apple yenyewe imeifanya SMB kuwa njia yake ya kwanza ya kushirikisha mafaili, na Samba ina kiongezi kiitwacho fruit kinachohifadhi vizuri taarifa ambazo kompyuta hizo huambatisha kwenye mafaili, na pia kuziwezesha kuweka nakala zao za Time Machine kwenye seva hiyohiyo.

Diski mbili zinazoandikwa sawasawa haziwaondolei haja ya nakala rudufu. Mtu akifuta, zinafuta zote mbili, na mwizi akibeba kisanduku amezibeba pamoja. Diski ya tatu iwe nyumbani kwa mmoja wenu.

Swali: Nafundisha kompyuta katika shule ya upili Likoni. Maabara ina mashine kuukuu za Ubuntu, na nimepata kompyuta moja yenye ramu ya gigabaiti 4 ya kuwa seva ya masomo na ya kazi za wanafunzi. Nitumie TrueNAS? Na je, kwa kuwa zote ni Linux, nitumie NFS badala ya SMB? – *Mwalimu, Likoni*

Jibu: Mwalimu, TrueNAS haiifai mashine hiyo kwa sababu ya ramu. Weka Debian bila skrini ya madirisha, nayo itabakiwa na nafasi ya kutosha. Ukitaka usimamizi kwa kivinjari, weka OpenMediaVault, ambayo imejengwa juu ya Debian na Volker Theile, aliyewahi kuwa miongoni mwa waliokuwa wakiitengeneza FreeNAS, yaani TrueNAS kabla ya kubadilishwa jina. Diski ya mafaili iandaliwe kwa ext4. Ukiiacha na muundo wa exFAT uliokuja nao dukani, ruhusa za kila mwanafunzi hazitahifadhiwa.

NFS, itifaki nyingine ya kushirikisha mafaili, ni ya 1984, kutoka Sun Microsystems, na baina ya mashine za Linux ni nyepesi na rahisi. Lakini katika hali yake ya kawaida huamini namba ya mtumiaji inayotajwa na kompyuta ya mteja. Mwanafunzi mwenye nguvu za msimamizi juu ya mashine moja, au aliyekuja na kompyuta yake mwenyewe, anaweza kujipa namba ya mwenzake na kusoma kazi yake. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji, huzuia hilo, ila utunzaji wake ni mzigo kwa mwalimu mmoja. Kwa hiyo folda ya masomo, ambayo wote wanaisoma na hakuna anayeiandika, itoe kwa NFS ikiwa ya kusomwa tu. Folda za kazi za wanafunzi zitoe kwa Samba, kila mmoja na nywila yake.

Swali: Tuna kisanduku cha zamani cha kuhifadhia mafaili dukani kwetu Barabara ya Digo. Tangu kompyuta mbili zibadilishwe kuwa Windows 11 mpya haziwezi kukifungua, ilhali zile za zamani hukifungua. Kijana mmoja ametwambia tuiwashe SMB1 na mambo yatakuwa sawa. Tufanye hivyo? – *Mfanyabiashara, Mombasa*

Jibu: Msifanye hivyo. SMB1, yaani toleo la kwanza la SMB, ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry tarehe 12 Mei 2017, kikafunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi mwaka huo. Baadaye mwaka huohuo matoleo mapya ya Windows 10 yakaanza kuja bila SMB1, na Samba nayo ikaizima kwa kawaida kuanzia toleo la 4.11 la 2019. Watengenezaji wa pande zote mbili hawakuiondoa kwa kutaka kuwasumbua.

Tena huenda tatizo lenu si SMB1 kabisa. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 Pro hukataa kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na nywila, na hudai mawasiliano yawe yametiwa saini ya kidijitali. Maduka mengi yana visanduku vilivyoachwa wazi ili kila mtu aingie bila kuulizwa. Fungueni ukurasa wa mipangilio wa kisanduku hicho, mtazame kama kuna mahali pa kuchagua SMB2 au SMB3, na pakiwapo mchague ya juu zaidi na kufunga SMB1. Wekeni masasisho yote yaliyopo, mtengeneze mtumiaji mwenye nywila, na mjaribu tena kutoka Windows 11 kwa kutumia jina hilo. Ikikubali, mmemaliza, na duka lenu limekuwa salama kuliko lilivyokuwa.

Kama kisanduku kinajua SMB1 peke yake, muda wake umekwisha. Tumieni mojawapo ya zile kompyuta za zamani kunakili kila kitu kutoka kwenye kisanduku hadi diski ya nje, mfungue mafaili machache kuhakikisha yamesalimika, kisha mhamie kwenye mashine yenye Debian na Samba, au kisanduku kipya ambacho mtengenezaji wake bado anakitolea masasisho. Hicho kipya msikifungulie mlango wa kufikiwa kutoka intaneti. Januari 2022 visanduku vingi vya kampuni ya QNAP vilivyoachwa wazi kwa intaneti vilifungwa na wahalifu waliojiita DeadBolt, wakadai fidia kwa wenyewe.

Mkishazima SMB1 huenda skana kubwa ya zamani ikakataa kutuma hati kwenye seva. Msiirudishe itifaki kwa ajili yake. Itengenezeeni folda moja ya kupokelea tu, iipeleke hati huko kwa FTP, itifaki ya kutumia mafaili, ndani ya mtandao wa duka, kwa mtumiaji asiye na ruhusa ya kufika kwenye folda nyingine yoyote, na karani azihamishe hati hizo mahali pake kila jioni kabla ya kufunga.